Mnyororo wa Mbao

Umechongwa ukingoni kabisa mwa mlango, mahali ambapo asiyeonyeshwa hawezi kuuona. Unapanda na mwimo wa kushoto, unapita juu karibu na aya iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha unateremka na mwimo wa kulia mpaka usawa wa baraza, pete ndani ya pete, kazi ya fundi aliyekuwa na subira ya kuufanya mti mgumu uonekane kama chuma kilicholegea. Nakshi nyingine zote zimo ndani ya mnyororo huo: mawimbi, magamba ya samaki, mtende, yungiyungi. Mtembezaji wangu, kijana wa rika la wanangu, aliufuata kwa kidole bila kuugusa. "Huu, ami, wapo wanaosema ni kinga: nyumba imefungwa, shari isiingie. Na wapo wanaosema mwenye nyumba alikuwa akifanya biashara ya watu." Nikangoja aniambie yeye anashika lipi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kila mgeni huondoka na maana aliyoitaka.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani: ndivyo walivyosema waliotutangulia. Lakini anayetembezwa Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa siku moja huona milango mingi kuliko nyumba. Misumari ya shaba iliyochongoka, mfaa uliopambwa katikati ya mbawa mbili, vizingiti vya mviringo na vya mraba, vyote vinatazamana na uchochoro. Nyuma yake maisha yanaendelea kwa sauti ya chini, na hayamwiti mpita njia. Kwa hiyo unahitaji mtu. Kinywa jumba la maneno, na anayemkodi mtembezaji peke yake, bila kundi, asubuhi hadi alasiri, amekodi jumba hilo lote. Katika kundi la watu ishirini hadithi hupita juu ya vichwa. Kila mmoja huokota kipande, na hakuna anayedaiwa. Mkiwa wawili, hadithi hukutazama usoni. Msimulizi huona ni wapi umekunja uso na ni wapi umepitisha jicho, naye hupunguza hapa na kuongeza pale. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, lakini siku ile niliona kwamba hata msikilizaji ana upande wake wa ngozi anaouvuta.

Saa za mwanzo alizungumza kwa mpango. Siku zake nyingi husimulia kwa Kiingereza na Kiitaliano, na hata alipokuwa akinisimulia kwa Kiswahili sentensi zilikuwa na mwendo wa kitu kilichosemwa mara nyingi mahali pale pale, kivuli kile kile. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondoka. Vita vya tarehe 27 Agosti 1896, ambavyo manowari za Waingereza zilivimaliza hata saa moja haijatimia, na sehemu kubwa ya majumba ya kifalme ikageuka kifusi. Salme binti Said, bintiye Sultani, aliyetoroka mwaka 1866 na baadaye akayaandika maisha yake kwa Kijerumani. Nilimsikiliza kwa heshima, kwa sababu kubeba mambo mengi namna hiyo kichwani na kuyapanga yalingane na hatua za miguu ni ufundi, na ufundi wowote unaofanywa kila siku bila kuchakaa unanigusa.

Mbele ya Beit al-Ajaib mpango ulikatika. Sultani Barghash alilijenga jumba hilo mwaka 1883, na kwa zaidi ya karne moja lilisimama likitazama bahari kwa safu zake za nguzo za chuma na mabaraza yake mapana yanayozunguka ghorofa zote. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja ulianguka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa. Kijana alilisimulia jambo hilo kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya msiba wa jirani. Kizazi chake kililijua jumba lile kama kitu kisichoweza kuanguka. Mimi nami nilipigwa na mawazo. Tumezoea kudhani kwamba jiwe ndilo linalodumu na neno ndilo linalopeperuka, na hapa neno lilikuwa limesimama juu ya miguu miwili, likieleza habari za jiwe lililokwisha kulala chini.

Jiwe lenyewe, ukilichunguza, halina ukali wa jiwe. Mji huu umejengwa kwa matumbawe, mifupa ya wanyama wadogo wa baharini waliokufa zamani, yakashikizwa kwa chokaa iliyochomwa kwenye tanuri za kuni na udongo mwekundu. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, nyingi zikikatwa kwenye matope ya Rufiji na kuvushwa kwa majahazi. Urefu wa mkoko ndio ulioamua upana wa chumba. Hata tajiri aliyekuwa na meli na mashamba ya karafuu alilala katika chumba chembamba kiasi mti wa kinamasi ulivyomruhusu, labda kisichozidi hatua nne. Jambo hilo lilinikaa moyoni kuliko dhahabu yote ya kasri. Kila ukuta wa hapa una watu wake wa chini: aliyezamisha miguu matopeni kukata mkoko, aliyepasua tumbawe, aliyekesha akilinda moto wa chokaa, aliyebeba karai kichwani. Ukiuliza nani alijenga, utajibiwa jina moja, Barghash, au Tharia Topan aliyeanzisha ile zahanati yenye roshani za nakshi karibu na bandari. Majina hayo ni ya kweli. Ni majina ya wenye fedha.

Tulipofika Mkunazini jua lilikuwa limesimama juu ya vichwa. Hapa palikuwa na soko la mwisho la watumwa mjini, lililofungwa Juni 1873 baada ya Barghash kutia saini mkataba chini ya vitisho vya manowari za Kiingereza. Mwaka ule ule Wamisheni waliweka jiwe la msingi la kanisa, na mbele ya altare pameachwa duara la marumaru kuonyesha mahali ambapo, kwa mapokeo, ulisimama mti wa kuwachapia watu. Nje, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za Clara Sörnäs, msanii wa Sweden: watu watano wa saruji, miili haijamalizika, nyuso zimemalizika kabisa, shingo zimeunganishwa kwa mnyororo. Hao hawahitaji mtembezaji. Niliona wageni wakifika wakiwa wanazungumza na kuondoka wakiwa hawazungumzi.

Lakini kabla ya sanamu mtu huteremshwa ngazi hadi kwenye vyumba viwili vilivyo chini ya jengo la zamani la misheni. Dari iko chini, vidirisha ni vyembamba, pande zote kuna majukwaa ya mawe, hewa ni nzito. Mgeni huambiwa kwamba hapa ndipo walipofungiwa waliongojea kuuzwa. Baadhi ya watafiti wa historia wanakataa. Wanasema vyumba hivyo vilijengwa pamoja na jengo lililo juu yake, miaka kadhaa baada ya soko kufungwa, na kwamba kazi yake ilikuwa ghala la hospitali ya misheni. Nilikuwa nimesoma hoja zao, nami nikamwuliza kijana, tumeinama sote wawili chini ya dari ile. Hakushtuka. Alisema amewahi kulisikia. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Sasa, ami, nikiwaambia hapa si penyewe, niwapeleke wapi?"

Swali hilo naliona zito kuliko hoja ya watafiti, ingawa hoja yao naikubali. Soko lilikuwa kiwanja. Watu walipangwa mistari juani, wakatazamwa meno, wakapelekwa. Jioni kiwanja kilifagiliwa. Aliyeuzwa hakuacha ukuta. Hakuacha mlango wenye jina lake juu ya kizingiti, wala kaburi lenye maandishi, wala hati ya shamba. Dau la mnyonge haliendi joshi, na safari yake haiachi alama majini. Kisha vizazi vinapita, mioyo inataka kuomboleza, na kuomboleza kunataka mahali pa kuinamisha kichwa. Hapo ndipo ghala la dawa linapoazimwa kwa ajili ya huzuni ya kweli. Sisemi kwamba uongo ni halali ukiwa na nia njema. Ningependa kila anayeteremka ngazi zile aambiwe yote mawili: kwamba chumba hiki huenda si chenyewe, na kwamba chenyewe hakipo kwa sababu waliouzwa hawakupewa hata chumba. Habari ya pili inatisha zaidi. Ingemtoa mtu pale akiwa na maumivu yenye ukweli ndani yake, na kijana aliyeweza kuuliza swali kama lile anaweza pia kusimulia ukweli kama huo.

Ndani ya kanisa aliniongoza hadi kwenye nguzo ndogo za marumaru zilizosimamishwa juu chini, kichwa kikiwa sakafuni. Husimuliwa kwamba Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, alikuwa safarini, na mafundi hawakuwa wamewahi kuona nguzo za namna ile. Wageni huchekeshwa nazo. Mimi nilisimama mbele yake muda mrefu. Katika jengo lile lote, ambamo kila kitu kimepimwa na kukusudiwa na mtu mwenye jina, nguzo hizi ndizo mahali pekee ambapo mikono isiyo na majina ilitenda jambo lake yenyewe na likaachwa hivyo hivyo. Kama miongoni mwa mafundi hao walikuwamo watu waliowahi kusimamishwa kiwanjani pale pale, basi hii ndiyo saini yao, na ndiyo saini ninayoipenda kuliko maandishi yote ya shaba ukutani.

Steere mwenyewe amezikwa nyuma ya altare, tangu mwaka 1882. Kabla ya kuwa askofu alikwisha kukusanya ngano za Waunguja na kuzichapisha, na kutunga kitabu cha sarufi ya lugha yao. Kiunguja hicho, baada ya miaka mingi na mikutano mingi, ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Nyumba ya Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, haiko mbali. Yeye alifika hadi mashariki ya Kongo akitafuta pembe na watu, akarudi, akayaandika maisha yake kwa Kiswahili, akafa hapa mwaka 1905. Maskani ya hawa wawili huonyeshwa katika siku moja, mmoja kama nuru na mwingine kama giza, na mgeni huona hadithi imenyooka. Lakini lugha haikupelekwa bara na hao wawili peke yao. Ilipelekwa na wapagazi na watumwa, na wanawake waliopika kambini, na watoto waliozaliwa njiani kati ya Bagamoyo na Ujiji, watu kutoka makabila yasiyoelewana ambao walihitaji neno moja la maji na neno moja la moto. Susi na Chuma, watumishi wa msafiri David Livingstone waliouongoza mwili wake kutoka kijiji cha Chitambo hadi pwani, walikuwa watu wa dunia hiyo. Leo mtu wa Kindu au Bukavu akija kutembezwa Zanzibar ataelewa maneno mengi ya mtembezaji, na njia iliyoufikisha uelewano huo kwao ni ile ile iliyowaleta watu hapa wakiwa wamefungwa shingo. Wasioachiwa mawe walijenga kwa kitu kingine, na tunaishi humo, kutoka Lamu hadi Lubumbashi, bila kujiuliza nani alikibeba.

Haya niliyawaza, na kadiri nilivyoyawaza ndivyo nilivyoona kitu kinabadilika katika maneno ya kijana. Asubuhi alikuwa akisema "waliletwa hapa, waliuzwa hapa", kama mtu anayesoma habari za nchi ya mbali. Akiwasimulia wageni wa Ulaya, mstari uko wazi: kuna wauzaji, kuna wauzwaji, kuna wakombozi, na msikilizaji huchagua pa kujificha. Mbele yangu mstari ule haukuwa na pa kuchorwa. Mimi ni mtu wa Pangani. Nyanya yangu mzaa mama, tulipomwuliza asili yetu, alikuwa akijibu, "Sisi ni watu wa pwani," na jibu likawa limekwisha. Pangani nayo ilikuwa bandari ya misafara. Nani anajua kama damu yangu iliingia mjini ikiwa imeshika kamba au ikiwa imefungwa kamba? Huenda yote mawili. Nchi zetu za pwani zimejaa watu wa namna hii, na kwao kilichofungwa mwaka 1873 na kisha mwaka 1897, utumwa wenyewe ulipoondolewa nguvu ya sheria Unguja, hakikufungwa ndani ya nyumba. Kiliendelea katika kunong'ona wakati wa posa, katika majina yaliyobadilishwa, katika ukoo uliookotwa mahali. Mficha uchi hazai, na sisi tumezaa kwa kuficha, tukawapa watoto nasaba zenye mlango mzuri mbele na chumba kisichofunguliwa nyuma.

Alasiri tulifika Darajani, sokoni, na hapo siku ya kutembezwa huishia. Daraja halipo tena. Lilikuwa juu ya mkono wa bahari ulioingia kati ya mji wa mawe na upande wa pili, na maji yale yamefukiwa, pakawa barabara. Upande wa pili ndio Ng'ambo. Huko ndiko walikohamia na kuongezeka wasio na mawe: vibarua, wachukuzi, waliotoka mashambani baada ya kuachwa huru, katika nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, juu ya viwanja vya watu wengine waliowatoza kodi ya ardhi. Mwaka 1928 walikataa kuilipa kodi hiyo, mtaa baada ya mtaa. Mwaka huo huo Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye sahani za santuri. Alizaliwa Fumba, wazazi wake ni watu waliotumikishwa, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Alianza kwa kuuza vyungu, akipita barabarani na kunadi kwa sauti, na sauti hiyo ikaja kuingia katika majumba yenye milango ya nakshi na hata kasri. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Ukitaka jengo la kusimama mbele yake ukasema "hili ni lake", utahangaika. Ukitaka kumsikia, sahani zake zimo katika hifadhi za muziki na sauti ipo.

Kutoka pale Darajani unayaona majengo marefu ya Michenzani, yaliyoinuliwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, wakati serikali mpya ilipotaka mtu wa Ng'ambo naye awe na ghorofa. Wageni huyaona kwenye dirisha la gari wakitoka uwanja wa ndege, na huuliza kwa nini hayavutii. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na ulistahili. Ninachokililia ni kwamba orodha za namna hiyo hupenda ukuta mzee, na ukuta mzee ni wa aliyekuwa na uwezo wa kuujenga; hivyo kila tunapohifadhi tunarudia, bila kukusudia, hesabu ile ile ya nani alikuwa mtu. Wanaotembeza wageni mchana kutwa, wengi wao, jioni huvuka barabara hiyo kurudi kwao. Wanajua habari za masultani kwa mwaka na kwa mwezi. Habari za babu zao wenyewe hazimo kwenye ratiba, na hakuna aliyewahi kuwalipa wazisimulie.

Nilimwambia kijana kwamba kama ana nafasi tuvuke. Alitazama saa, akapiga simu, tukavuka. Hakuwa na mpango wa huku, na mwendo wake ukawa mwingine; alisimama ovyo, akarudi nyuma, akasalimia watu hadi tukawa hatusogei. Alionyesha mahali ambapo bibi yake alikuwa akikaa na wenzake kusikiliza redio. Akasema bibi huyo alikuwa na wimbo wa kulazia watoto wenye maneno ambayo si Kiswahili, na hakuna aliyejua ni ya lugha gani, wala hakuna aliyemwuliza mpaka akafa. Aliutoa kidogo kwa mdomo uliofumbwa. Nilidhani nilisikia sauti za Kinyamwezi, lakini mimi si Mnyamwezi na sikuthubutu kumwambia. Nilimweleza habari za nyanya yangu na jibu lake fupi. Akaniuliza kama kuna mtu kwetu aliyebaki wa kuulizwa. Yupo. Shangazi ya mama yangu yu hai Pangani, macho yamekwisha, lakini akili yake ni nzima. Ni yeye peke yake ajuaye mama yake aliingia mji ule akitokea wapi, na kwa mkono wa nani. Kwa miaka yote nimekwenda kwake na mchele na vitenge, tukazungumza mvua na nazi. Safari ijayo nitakwenda na swali, na akitaka kunyamaza nitakaa naye katika kunyamaza kwake, lakini atakuwa ameulizwa.